Maiti Hana Mkwe

Utotoni mwangu nilikuwa mdomo wa watu wawili. Baba yangu na bibi yangu mzaa mama walikaa nyumba moja, Kariakoo, upande ule wa kuteremkia Jangwani, chumba hiki na chumba kile, ukumbi katikati, na sikumbuki hata siku moja waliyozungumza. Wala hawakugombana, msinielewe vibaya. Waliheshimiana. Mkwe ni mkwe. Baba akitaka kupita ukumbini kwenda uani alikohoa mara mbili, na bibi popote alipo alivuta kanga akafunika uso, akageukia ukutani mpaka baba apite. Walikula mbalimbali. Chumbani kwa bibi baba hakukanyaga, na nyumba ile aliijenga mwenyewe kwa mikono yake, fito, udongo na makuti.

Basi aliyekuwa akitumwa ni mimi, mtoto wa pekee mle ndani. "Mwambie mkwe wangu kuni zimekwisha." Natembea hatua nne. "Baba, bibi anasema kuni zimekwisha." Baba kashasikia, maana kuta zetu hazikufika juu, sauti zilipita chini ya makuti kama moshi. Lakini alingoja mpaka mimi nifike nimwambie, ndipo ajibu: "Mwambie bibi yako kesho zitakuja." Narudi hatua nne. Siku nyingine nilikasirika, nikasimama katikati ya ukumbi nikasema jamani si mmesikia wenyewe? Nilipigwa kofi na mama, na bibi akanicheka. Alisema mjumbe hauawi lakini makofi hayakukatazwa.

Bibi alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mwanamke mkubwa wa mwili, mweusi mzuri, mwenye maneno. Alifiwa na mumewe, na mtoto aliyebaki kwake ni mama tu, ndipo baba akasema aletwe mjini. Baba mwenyewe asili yake Manyema, fundi wa karakana ya reli kule Gerezani, mtu wa maneno machache. Bibi aliniita mke mwenzangu, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na nililala naye kitanda kimoja tangu nilipoacha ziwa. Kila alfajiri alikaa barazani na kikaango chake akichoma vitumbua. Watu wa sokoni walivila kabla jua halijatoka, na mimi nililamba sukari iliyobaki kwenye vidole vyake. Nilimpenda bibi yule kuliko mama, na nasema bila haya kwa kuwa mama alijua.

Halafu magoti yakamwanza. Ilikuwa masika ya mvua nyingi, maji ya bonde la Msimbazi yalipanda mpaka mtaa wetu, nyumba ikakaa na unyevu miezi miwili. Kwanza alilalamika akiinuka kusali. Baadaye akawa anasali amekaa. Hospitali walimpa dawa ya kupaka yenye harufu ya kafuri, haikusaidia. Mimi kila jioni nilimchua kwa mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto, na magoti yake yalikuwa yamevimba, magumu, nikikandamiza anauma mdomo. Mwaka ulipogeuka, kikaango kilining'inizwa ukutani. Bibi alikwenda chooni kwa kushika ukuta, hatua kwa hatua, na njia ya kwenda na kurudi ilimchukua muda wa kuiva chungu cha maharage.

Jirani mmoja muuza dagaa ndiye aliyeleta habari za maji ya moto. Alisema huko nyuma ya Morogoro, milimani, kuna maji yanatoka chini ya ardhi yanachemka yenyewe bila kuni, na dada yake alipelekwa huko kwa machela akarudi akicheza ngoma. Mama akamwambia baba. Wafanyakazi wa reli walikuwa wakipewa pasi ya kusafiri na jamaa zao mara moja kwa mwaka, na mwaka ule, badala ya kwenda kwao kama alivyozoea, baba alikuja na karatasi mkononi akaniita. "Mwambie bibi yako tunakwenda Morogoro. Tutafika, tutalala, kesho yake tutashinda kwenye maji." Nilikimbia hatua nne zile kwa hatua mbili.

Usiku wa kuamkia safari bibi hakulala. Alinivuta karibu, akaninong'oneza sikioni, na sauti yake haikuwa ya mzaha hata kidogo.

"Nenda kamwambie mkwe wangu hivi. Maji yale yakinikataa, tukirudi anipeleke Kisarawe kwa kaka yangu. Mwanangu ana mimba, hawezi kuniinua. Na mimi sitabebwa katika nyumba ya mkwe."

Nilishuka kitandani. Ukumbini kulikuwa na taa ya mafuta, baba alikuwa anafunga kamba kikapu cha safari. Akaniuliza bibi anasemaje. Mimi nilijua la kusema, nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Kisarawe kwa kaka yake nilikujua: nyumba moja katikati ya mikorosho, yule kaka mwenyewe haoni vizuri, nani atamchua huko? Na mimi nilale na nani? Hasira zikanipanda, sijui za nani, nikasema, "Anasema tusisahau mafuta ya nyonyo."

Baba alinitazama kidogo, akasema hayatasahauliwa. Nikarudi kwa bibi nikamwambia mkwe wake amesema tungoje kwanza maji. Bibi akapumua, akasema mkwe wangu ana busara. Nikalala na uongo pande zote mbili, na Mungu anisamehe, nililala vizuri.

Asubuhi baba alikodi riksha, bibi na mama wakapanda, baba na mimi tukafuata kwa miguu mpaka stesheni. Ya treni sina mengi. Bibi alifunika uso safari nzima kwa kuwa baba alikaa benchi la mbele yetu, basi mimi ndiye niliyekuwa nikimsimulia yaliyoko nje: sasa mikonge, sasa ng'ombe, sasa Mhindi amesimama na mwavuli. Milima ilipoanza kuonekana nilimwambia bibi kuna mawingu meusi yamekaa chini. Alichungulia kwa pembe ya kanga, akasema mke mwenzangu mjinga, ile ndiyo milima. Kwetu Kariakoo mahali pa juu kabisa pa kupanda palikuwa kizingiti.

Tulilala kwa rafiki wa baba wa kazini. Kesho yake bado giza tulipanda lori la mfanyabiashara mmoja lililokuwa likienda kuchukua pamba vijijini. Bibi alipandishwa kwa kusukumwa na mama na wanawake wawili wa nyumba ile, mmoja chini, mmoja juu, na yeye mwenyewe anawatukana. Baba alikuwa amekwenda kusimama upande wa pili wa lori, anakagua matairi yasiyo yake. Njia ilizunguka mlima, mashimo matupu. Jua lilipotoka dereva alitushusha penye kijiji cha nyumba tano, akasema atarudi kutuchukua alasiri, akituonyesha kwa kidole moshi mweupe uliokuwa juu kidogo kati ya miti. Ule haukuwa moshi, alisema, ndiyo maji yenyewe.

Aliyekuja kutupokea alikuwa mzee mmoja mwembamba, mguu mmoja anauburuza, shuka limefungwa begani. Kumbe hakuwa mtu wa milima ile. Alikuwa Mnyamwezi, mpagazi wa zamani wa misafara ya pwani, aliugua njiani ujanani mwake wenzake wakamwacha pale, naye akapona, akaoa, akabaki. Kazi yake sasa ilikuwa kuwaongoza wagonjwa mpaka majini na kuhakikisha hawajiunguzi. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, halafu akamwuliza bibi kwao wapi.

"Mzaramo, wa Kisarawe," bibi akajibu.

Yule mzee alipiga makofi akazunguka. Akamwambia ahaa, mtumwa wangu, umetoroka miaka yote hii na leo umejileta mwenyewe! Bibi hapohapo uso ukabadilika, akachangamka kama mtu aliyepewa kahawa. Akamwambia hana bwana Mnyamwezi, kwanza Mnyamwezi ukimtua mzigo kichwani anaugua, ndiyo maana wewe unachechemea. Mzee akasema afadhali kuchechemea kwa mizigo kuliko Mzaramo aliyemaliza magoti kwa ngoma za unyago za kuwacheza wali. Walitukanana hivyo wakicheka mpaka mimi nikaona haya. Mama alinieleza kwamba hawa ni watani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, mtani haonewi hasira hata akikuvua nguo. Nilisikia lakini sikuelewa. Mtoto wa mjini, watani ningewajulia wapi? Kwetu mtu akikuita mtumwa unamrushia jiwe.

Tukaanza kupanda. Njia haikuwa ndefu, ila ilikuwa ya mawe, na mahali inavuka kijito. Mbele mzee, halafu baba, halafu nafasi kubwa ya heshima, halafu bibi na fimbo yake mama akimshika kwapa, halafu mimi na kikapu. Mpaka kijitoni bibi alikwenda. Akavuka. Alipotaka kupanda jiwe la kwanza ng'ambo goti likakataa. Akajaribu tena, nikasikia sauti ikamtoka ambayo sijapata kuisikia kwake. Akakaa juu ya jiwe lile. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka shingoni.

Mama akachuchumaa mbele yake akamwambia apande mgongoni. Bibi alimpiga kibao cha mgongo huohuo, akamwambia una mimba ya miezi saba una wazimu? Mzee mguu wake mbovu. Kijijini wanaume walikuwa wamekwenda mashambani, na hata wangekuwapo bibi asingekubali kushikwa na wanaume asiowajua. Alikuwapo mwanamume mmoja tu mwenye nguvu zake mlimani pale, naye amesimama hatua ishirini mbele ametupa kisogo, anatazama miti.

Basi kazi ikaniangukia mimi.

Bibi akasema nikamwambie mkwe wake waende wao wakaoge, yeye atangoja. Nikapanda mawe nikamwambia baba. Baba, bila kugeuka, akasema nikamwambie bibi kwamba yeye baba haumwi magoti. Nikashuka. Bibi akasema maji hayahami, tutakuja mwaka mwingine. Nikapanda. Baba akasema mwaka mwingine haujulikani. Nikashuka. Bibi akasema basi nimwambie mkwe wake asijisumbue, Mungu ndiye mwenye kuponya. Nikapanda. Baba akasema nimwambie bibi kwamba Mungu ameyaweka maji huko juu, hakuyaweka hapo chini. Nilikuwa nahema kama mbwa na miguu imechubuka, na wale watu wawili kila mmoja alikuwa anamsikia mwenzake neno kwa neno. Yule mzee alikaa chini kabisa akanitazama nikipanda na kushuka kama anayetazama ngoma, akacheka mpaka akakohoa. Akamwuliza mama kama hawa ni viziwi. Mama akasema hapana babu, ni wakwe.

"Lo," mzee akasema, akaacha kucheka.

Mimi peke yangu, na bibi, tulijua siku ile ilikuwa siku ya nini. Bibi asipoyafikia yale maji, ni Kisarawe. Nilimwona ameshaanza kukubali. Alikuwa anazungusha fimbo yake mchangani taratibu, anatazama chini tulikotoka, na macho yake yalikuwa ya mtu anayehesabu vitu vyake vya kufunga. Nilitaka kulia nikajizuia, maana nikilia nitaulizwa.

Mzee akainuka, akaja mpaka mbele ya bibi.

"Mtumwa wangu, Mzaramo akifia ugenini nani anamzika?"

"Mtani," bibi akasema.

"Basi leo umekufa."

Kabla bibi hajafungua kinywa, mzee alishika kanga yake ya juu akaivuta ikamfunika kichwa na uso na kifua, akamsukuma kidogo begani, bibi akalala juu ya jiwe. Halafu mzee akajitupa chini akaanza kulia. Alilia kwa sauti ya kwenda mbali, uwii, Mzaramo wangu amekufa, nani atanitukana sasa, amekufa ugenini hata uji hajanywa. Na bibi ametulia kimya chini ya kanga, hasogei.

Na mimi nikaamini. Ndiyo, chekeni. Nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa nimesikia "amekufa", na nilikuwa nimemwona akifunikwa uso kama walivyofunikwa watu wa mtaani kwetu waliokufa kwelikweli. Sikulia. Nilikasirika. Niliokota fimbo ya bibi nikamchapa yule mzee ugokoni kwa nguvu zangu zote, mguu ule wake mzima, nikamwambia wewe ndiye uliyemwua. Mzee akaruka kwa mguu mbovu. Mama akanikamata mkono. Hapo ndipo nilipoona tumbo la bibi chini ya kanga linatikisika, na mwisho kicheko kikamponyoka, kikakatwa haraka kama mtu aliyekumbuka kwamba amekufa.

Mzee alikaa akisugua ugoko. Akamgeukia baba, na sasa hakuwa akicheza.

"Bwana, mimi miguu yote miwili sasa mibovu, mmoja amenivunjia binti yako. Aliyelala hapa ni maiti, na maiti hana mkwe. Maiti ana wabebaji tu. Jeneza huku hatuna. Njoo ubebe."

Baba aligeuka. Alisimama pale juu muda, akavua kofia, akanipungia nikaenda kuipokea. Baba wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza alichukuliwa upagazi, kama wanaume wengi waliokuja kukaa mtaa wetu. Hata jina la mtaa lilitokana na wapagazi hao. Begani alikuwa na kovu la kamba ya mzigo, na habari zake hakuzisimulia kabisa. Aliteremka mawe yale taratibu. Hakukohoa. Alipofika kwa bibi alimpa mgongo akachuchumaa, akasema bismillahi, na mama na mzee wakamwinua bibi wakamweka.

Akasimama. Miguu ilimtetemeka kwanza, kisha ikatulia. Bibi alifunikwa mpaka nyayo, mikono yake miwili tu ndiyo ilionekana, imezunguka shingo ya baba, na niliona ile mikono mwanzoni haikushika, ilikuwa imekaa hewani kidogo kwa haya. Baba alipoteleza kwenye jiwe la tatu ikashika.

Tukapanda hivyo, mtani ametangulia akichechemea kwa miguu yote miwili. Baba alipoanza kuhema mzee alimwambia aende tu, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mimi naona mwepesi kabisa. Nikasikia kutoka chini ya kanga, sauti ndogo: "Maiti yako ingekuwa nyepesi kweli, Mnyamwezi, mtu mwenyewe mifupa." Mzee akasema maiti akizungumza anaongezewa udongo. Na baba, wallahi, baba yangu ambaye hakuwa mcheshi, mabega yake yalicheka.

Maji yalikuwa penye uwazi kati ya mawe makubwa. Harufu ya mayai viza ilitupokea kwanza. Yalitoka chini ya mwamba, yanatokota, mvuke unapanda, na ukitia mkono pale unauacha. Lakini hatua chache chini yalikutana na maji baridi ya kijito, na hapo palikuwa na bwawa la kukaa watu wawili watatu, chini mchanga laini. Baba alimshusha bibi ukingoni, akanyoosha mgongo, akaondoka bila kutazama nyuma, akaenda kukaa nyuma ya mwamba na mzee. Mama akamfunua bibi uso. Ulikuwa umelowa. Mama akamwuliza analia nini, akajibu hajui kama analia au anacheka, maiti haulizwi.

Tulimwingiza na kanga yake. Maji yalipofika magotini alifumba macho akasema "Ee Mola wangu." Tulikaa mle sijui muda gani. Mimi nilimchua magoti chini ya maji, na nilisikia kwa vidole vyangu, kwa hakika siongezi, ule ugumu ukilegea. Mama aliweka tumbo lake nje na miguu ndani, akafungua nywele. Mzee alituletea mayai manne aliyoyachemsha kwa kuyaweka penye mwamba ndani ya kikapu, tukayala na chapati. Ndege walikuwa wengi. Hakukuwa na pikipiki za siku hizi, wala mnada, wala adhana ya kutukumbusha saa. Nimekuwa mahali pengi tangu hapo na sijapata kukaa tena kama tulivyokaa mle.

Alasiri bibi alitoka majini akasimama. Akakunja goti moja. Akakunja la pili. Akaomba fimbo, akashuka mlima ule kwa miguu yake, mama amemshika mkono tu, nasi tuko nyuma tunatazama magoti yale yanavyofanya kazi. Kule chini mtani alidai fidia ya ugoko wake, akachukua samaki wetu wote wa kukaanga pamoja na kikapu chenyewe. Nilinuna. Bibi akamwambia wale samaki wakukwame, naye akasema wewe nitakuzika mara ya pili bure. Walishikana mikono muda mrefu kuliko watu wanaotukanana.

Wiki tatu bibi alikuwa mzima. Alikitoa kikaango ukutani. Alikaa barazani alfajiri, watu wa sokoni wakamwuliza alikuwa wapi, akawaambia alikuwa amekufa. Usiku alipiga magoti akasali, nami nikajiambia uongo wangu umekuwa kweli, hakuna tena safari ya Kisarawe. Vuli ikaanza. Siku tatu za mvua, unyevu ukapanda ukutani, na asubuhi ya nne bibi hakuinuka. Maumivu yalikuwa yamerudi, na yamerudi na wenzao: sasa na nyonga.

Ilikuwa Jumapili. Mama alikwenda sokoni na tumbo lake lililokuwa limekaribia, anatembea kama mtu aliyebeba mtungi. Bibi akaniita kitandani. Hakunong'ona safari hii.

"Nenda kamwambie mkwe wangu yale maneno ya usiku ule. Na leo uyafikishe."

Alikuwa akijua. Siku zote zile alikuwa akijua. Nilitoka mle machozi yananichuruzika, nikamkuta baba uani anashona kiatu, nikayasema yote kama nilivyopewa: kwamba maji yamemkataa, kwamba apelekwe Kisarawe, kwamba hatabebwa katika nyumba ya mkwe. Na nikasema kwamba niliambiwa tangu kabla ya safari nikayaficha.

Baba akaweka kiatu chini. "Nilisikia usiku uleule," akasema. "Nyumba hii ina kuta?"

Akanawa mikono. Akaingia ukumbini, mimi nyuma yake, na alipofika karibu na mlango wa bibi hakukohoa. Bibi alikuwa hajajiandaa, akaivuta kanga usoni haraka akageukia ukutani. Baba akasimama kizingitini.

"Hodi, mama."

Mimi nikasogea katikati yao, nangoja, maana nilizoea. Baba akanisogeza pembeni kwa mkono.

"Mkwe wangu alifia mlimani," akasema. "Nilimbeba mwenyewe na mashahidi wapo. Uliyerudi ni mama yangu, na mama yangu haendi Kisarawe."

Mvua ilikuwa inadondoka kwenye makuti. Halafu mkono wa bibi ukashika ukingo wa kanga, ukaishusha, taratibu, mpaka chini ya kidevu, akageuka akamtazama baba usoni. Alikuwa mzee sana asubuhi ile.

"Basi ingia, mwanangu," akasema. "Tangu alfajiri nina haja ya chooni."

Baba akainama, akaingia, akachuchumaa mbele ya kitanda akampa mgongo. Mimi nikatangulia kwenda kufungua mlango wa choo.